Swali Ninaloanza Nalo Kabla ya Kuchagua Jukwaa la Tovuti

Tovuti yangu ya kwanza iliendeshwa kwa WordPress, programu ya kujengea na kusimamia tovuti, na kwa miaka minne niliamini kwamba kazi yangu ilikuwa salama kwa sababu kila mwezi nilitumia zana yake ya kuhamisha maudhui na kupakua faili moja ya XML. Siku seva ilipoharibika, nilisimika mfumo upya na kuiingiza faili hiyo. Makala zilirudi, maoni ya wasomaji yalirudi, lakini picha hazikurudi hata moja. Faili ile haibebi picha zenyewe, hubeba anwani za mahali zilipokuwa zimehifadhiwa, na mahali hapo palikuwa pamefutika.

Tangu hapo, kila ninapopima jukwaa huanza na swali hili: tovuti ikipotea leo, ni vitu vingapi ninavyopaswa kuwa navyo ili niisimamishe tena?

Kwa WordPress, jibu ni hifadhidata (inayoendeshwa na programu ya MySQL au MariaDB), ambamo mna maandishi na mipangilio, pamoja na folda ya wp-content, ambamo mna picha, mandhari (mafaili ya mwonekano wa tovuti) na programu-jalizi (programu ndogo za nyongeza), na faili ya wp-config.php, inayoieleza WordPress jinsi ya kuifikia hifadhidata hiyo. Vyote vinapaswa kunakiliwa kwa wakati unaokaribiana, la sivyo makala zitataja picha ambazo hazimo. Zipo programu-jalizi zinazoifanya kazi hii vizuri, lakini ni lazima uhakikishe zinapeleka nakala nje ya seva, kwa kuwa nakala rudufu inayokaa ndani ya mashine ileile hufa pamoja nayo. Moto ulipoteketeza kituo cha data cha OVHcloud, kampuni ya kukodisha seva, huko Strasbourg tarehe 10 Machi 2021, wapo wateja waliopoteza tovuti na nakala zake kwa pamoja.

Wingi wa njia za kunakili nao si kinga. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab, kampuni yenye huduma ya kuhifadhi misimbo ya programu, alifuta kwa bahati mbaya data ya hifadhidata kuu, kisha ikabainika kwamba taratibu kadhaa za nakala rudufu walizozitegemea hazikuwa zikifanya kazi. Kilichowaokoa ni nakala iliyochukuliwa kwa mkono takriban saa sita kabla ya kosa hilo. Kampuni hiyo ilieleza jambo hilo hadharani bila kuficha, nami naiheshimu kwa hilo.

Majukwaa ambayo mwenye huduma hukushughulikia kila kitu yana raha yake, ila kabla ya kujiunga jaribu kutoa maudhui yako yote, picha zikiwemo, uone unapewa nini.

Mimi nilihamia Hugo, programu inayogeuza mafaili ya maandishi kuwa kurasa za tovuti. Kila makala ni faili ya maandishi ya kawaida, picha zake ziko kwenye folda hiyohiyo, na hakuna hifadhidata, kwa hiyo kunakili folda moja ni kunakili tovuti nzima. Git, programu ya kuweka kumbukumbu ya mabadiliko ya mafaili, hunitunzia kila badiliko, hata nikifuta aya kimakosa naweza kuirudisha. Nimekosa ukurasa wa kuandikia ndani ya kivinjari, na maoni ya wasomaji yanahitaji huduma nyingine ya pembeni. Kwa duka la mtandaoni au tovuti ya waandishi wengi nisingeshauri njia hii, lakini kwa mtu anayeandika peke yake naona imetosha kabisa.

Nakala moja iko kwenye kompyuta yangu, ya pili kwenye diski ya nje, ya tatu kwenye seva ya mbali. Kila baada ya miezi mitatu huichukua mojawapo na kuijenga tovuti kwenye kompyuta nyingine isiyo na kitu changu chochote. Jaribio la mwisho lilikwama: mandhari ya tovuti ilikuwa imeunganishwa kwa kiungo tu, na mafaili yake hayakuwamo kwenye folda yangu. Nimeyaingiza humo, na nimeandika kando yake toleo la Hugo ninalolitumia, kwa sababu toleo jipya huweza kukataa mandhari ya zamani.