Ami kasalimia mpaka paka

Tangu Ijumaa najaribu kulipuuza jambo hili, nalo halikubali kupuuzwa. Basi naliandika, pengine likishatoka litaniacha nilale.

Mnaomjua Ami wa Muscat mnajua anavyoandika. Wiki ikipita hajaweka neno kwenye kitabu chetu cha wageni cha mtandaoni, Bi Mkubwa huanza kuuliza kama anaumwa. Alhamisi usiku ujumbe wake ukaingia, nikaufungua ili niupitishe kama ninavyoupitisha wa kila mtu. Ulisema hivi, sikuongeza wala sikupunguza:

"Asalaam aleikum jamaa zangu wa Pangani popote mlipo. Mimi Ami wenu wa Muscat, mzima wa afya, tatizo magoti tu. Nawasalimu Bi Mkubwa na nyumba yake, fundi baiskeli wa sokoni, Mama Chai na wajukuu zake, Babu Pantoni wa Bweni, maalimu wangu kama bado ana nguvu za kushika bakora, shemeji zangu wa Mwera, vijana wa Kipumbwi walioniletea ng'onda, na yule paka wa msikitini mwenye sikio moja kama bado yu hai. Ujumbe: chimbeni mihogo kabla nguruwe mwitu hajawatangulia. Wasalaam."

Nikausoma tena. Nikaurudia kutoka chini kwenda juu, labda jina langu limejificha mahali. Halimo.

Paka yumo. Paka mwenyewe alishakufa zamani, na Ami aliambiwa.

Mdogo wangu anasema mimi nimo, nimo ndani ya "nyumba yake". Nikamwambia kwenye nyumba hiyo kuna kuku pia. Akasema basi wewe na kuku mmesalimiwa. Huyo ndiye mdogo wangu, mnamjua, na wiki hii kajaliwa mtoto wa kiume, kilo tatu na ushei, mama na mwana wote wazima alhamdulillah, kwa hiyo anasamehewa maneno yake mpaka arobaini iishe.

Ninyi wageni kidogo niwaambie kwa nini inaniuma hivi. Kitabu hiki ni cha bure, na cha bure kina gharama zake. Juu kinabandika matangazo ambayo hatukuyaomba. Picha hakipokei. Ujumbe ukizidi urefu kinaukata katikati ya neno. Na kila usiku yanaingia maroboti yanayouza kasino na dawa za kuotesha nywele, tena kwa lugha ambazo hapa Pangani hakuna wa kuzisoma. Mtu wa kukaa na simu akifuta kasino na kupitisha salamu ni mimi. Kundi la WhatsApp lipo, lakini limejaa maua ya asubuhi njema na video za kusambazwa, ukitafuta neno la juzi hulipati. Kwenye kitabu mtu haombwi namba ya simu, anaandika, linakaa. Wazee wanakipenda kwa sababu hiyo. Ami aliondoka hapa miaka ya sabini, baada ya Sultani Qaboos kushika nchi mwaka 1970 na kuwaita wenye asili ya kule warudi, na sidhani kama kuna siku amelala bila kukisoma.

Kuna jingine ambalo wachache wanalijua. Kila ujumbe ninaoupitisha naunakili kwa kalamu kwenye kaunta buku. Nilikwisha ona mambo ya bure yanavyokwenda: GeoCities ilifungwa mwaka 2009, na vya watu wengi vikaenda nayo, wenyewe wakibaki kuulizana. Ya kwetu sitaki yaende hivyo. Kwa hiyo Alhamisi usiku, kwa kalamu yangu ya buluu, kwa hati yangu nzuri ile ya kuandikia lebo za dawa, nikamnakili fundi baiskeli, nikamnakili Mama Chai, nikamnakili paka. Nilipofika "Wasalaam" wino ulikuwa umepenya hadi ukurasa wa pili.

Ijumaa baada ya swala Ami akapiga simu kama kawaida yake. Bi Mkubwa alikuwa bado anavua baibui, nikapokea mimi.

"Ami shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo huko? Mvua?"

"Imenyesha. Salamu zako tumeziona Ami. Umesalimia mpaka paka."

Akacheka. "Paka yule akinisindikiza alfajiri. Binadamu wote wamelala, yeye yuko macho."

"Kuna watu wamenung'unika lakini. Hawakutajwa."

"Nani hao? Nipe majina, nitawataja wiki ijayo."

"Watu tu."

"Watu gani? Sema."

"Mimi."

Hapa ndipo nilipokwama. Kulikuwa na kimya. Si kirefu, ni kile cha mtu anayetafuta miwani ilhali iko usoni. Kisha akasema: "Wewe? Wewe si ndiye mwenye kitabu? Mwenye nyumba hapigiwi hodi." Akacheka tena, safari hii kwa sauti kubwa kuliko ile ya paka, akaniambia nimpe Bi Mkubwa simu.

Mwenye nyumba hapigiwi hodi. Tangu hapo natembea nayo. Nikiwa napanga maboksi ya dawa, mwenye nyumba hapigiwi hodi. Nikiwa napalia makaa, mwenye nyumba hapigiwi hodi. Ikiwa ni sifa, ni sifa kubwa, maana Ami kanikabidhi kitabu kizima na wote waliomo. Ikiwa ni ujanja wa mtu aliyesahau, basi ni ujanja wa hali ya juu, kwa sababu nikilalamika tena naonekana nataka kupigiwa hodi nyumbani kwangu mwenyewe. Na kile kimya? Aliyekuwa na jibu hilo tangu Alhamisi asingekaa kimya, angelirusha papo hapo. Nimekwisha andaa majibu mengi mazuri ambayo sikuyasema. "Mwenye nyumba hapigiwi hodi Ami, ila huamkiwa." Hilo limenijia Jumamosi saa tisa usiku, halina faida tena.

Nimemuuliza Bi Mkubwa. Kasema, "Kakujibu vizuri." Nimemuuliza mdogo wangu. Kasema, "Kakusahau, kisha kakuzuga." Mama Chai sikumuuliza, yeye katajwa.

Na Bi Mkubwa si mtu wa kuniambia nisijali, maana haya nimeyarithi kwake. Enzi za RTD, Redio Tanzania Dar es Salaam, alikuwa mtu wa kadi za salamu haswa. Kadi ina nafasi ya jina lako na sanduku la posta, kisha mistari ya unaowasalimu, na chini pale ujumbe. Mistari ilikuwa michache na ndugu wengi, kwa hiyo kadi moja ilimtoa jasho siku nzima, anaandika kwa penseli, anafuta, anamtoa shemeji anamweka jirani. Alikuwa akiandika na barua kwa Sauti ya Ujerumani kule Köln, wakamletea kalenda, ikakaa ukutani sebuleni miaka mingi baada ya mwaka wake kwisha. Kadi ikisomwa redioni wanawake wa mtaa wanakuja, "nimekusikia!", na aliyetajwa anatembea siku hiyo kama kavaa kitenge kipya. Ambaye hakutajwa naye anajulikana. Mama Chai hakusemezana na Bi Mkubwa mfungo mzima kwa sababu ya mstari mmoja wa kadi. Leo mkiangalia kitabu mtaona wazee wote bado wanaandika vile vile: mimi fulani, nawasalimu fulani na fulani, ujumbe wangu ni huu. Hawakufundishwa na mtu, mkono umezoea.

Sasa, Jumamosi hiyo hiyo nikiwa na hasira zangu, umeme ukakatika, nikakaa barazani na simu kufuta kasino. Katikati ya takataka kukawa na ujumbe mfupi kutoka Uingereza, Kiswahili chake cha kuokoteza lakini kinaeleweka. "Habari. Mimi sijafika Pangani. Mama yangu alizaliwa Bweni. Sasa anasahau vitu vingi sana lakini kila siku anasema mti wa kivukoni, mwembe wa kivukoni. Uko? Asante."

Bweni ni ng'ambo ya mto, unavuka kwa pantoni. Nikaupitisha bila kufikiri. Kabla sijalala majibu yalikuwa yamejaa.

Mjukuu wa Babu Pantoni kaandika kwa niaba ya babu yake kwamba mwembe haupo na haujawahi kuwapo, pale ni mkungu, na anayesema mwembe hakuzaliwa Bweni. Fundi baiskeli akajibu kwamba mwembe ulikuwapo, ulikatwa walipopanua njia, yeye mwenyewe kaula maembe yake. Vijana wa Kipumbwi, ambao hata si wa pale, wakasema mwembe upo ila ni upande wa huku mjini, mama kachanganya ng'ambo. Shemeji wa Mwera akaomba watu wamheshimu mgonjwa wa watu. Na Ami, saa za kwao usiku wa manane, akaingia na hoja zake: mwembe, tena embe dodo, na kuna mtu alidondoka kutoka juu yake akavunjika mkono, "sitamtaja, anajijua." Babu Pantoni akarudi kupitia mjukuu: "Niliyevunjika mkono ni mimi, na nilivunjika mkunguni."

Jamani. Nilicheka peke yangu gizani mpaka Bi Mkubwa akatoka kuangalia kuna nini. Nikamsomea yote kwa mwanga wa simu, akaketi, akadai nianze upya.

Jumapili nilipotoka kazini nikapanda pantoni nikavuka. Ni mwendo mfupi mnaujua, mto pale umepanuka unaingia baharini, unasimama kati ya pikipiki na magunia ya nazi na kabla hujachoka umefika. Siku hizi habari ya kivukoni ni moja: tangu waanze kujenga daraja, wanaouza samaki wa kukaanga na kahawa pale wanaulizana wateja watawafuata wapi. Sikuwa na jibu la kuwapa. Nikaenda kwenye mti.

Ni mkungu. Umeinama upande wa maji, matawi yake yamekaa ghorofa ghorofa kama mikungu yote, na majani makubwa yaliyokwisha kuwa mekundu yalikuwa yamelala mchangani. Kwenye shina, usawa wa kiuno, kuna mahali pamelainika kabisa kwa migongo ya watu wanaoegemea wakisubiri kuvuka. Watoto wawili walikuwa wanagonga kungu kwa jiwe, wanatoa kiini, wanakula bila kumpa mtu. Niliomba, wakanipa kimoja kwa shingo upande. Nikauliza bibi anayeuza vitumbua kama pana mwembe uliowahi kuwapo. Akasema, "Mwembe? Uko kule nyuma kwa watu, lakini huo si wa kivukoni, huo una mwenyewe."

Picha nilipiga, lakini kitabu hakipokei picha. Basi nikaandika. Nikaandika jinsi ulivyoinama, na pale palipolainika, na watoto na jiwe lao, na bibi wa vitumbua. Ulipozidi urefu nikaugawa mara mbili. Nikajikuta natafuta namna ya kusema harufu ya pale, tope la mto likichanganyika na mafuta ya samaki, na sikuipata sawasawa, nikaiacha hivyo hivyo. Kwa kawaida kwenye kitabu mimi huweka "karibuni" na "poleni" tu, na matangazo ya misiba.

Jana likaja jibu kutoka Uingereza. "Nimemsomea mama. Amesema yeye hakusema mwembe, alisema mkungu tangu mwanzo. Amecheka. Anauliza bibi wa vitumbua ni mtoto wa nani."

Hilo la mwisho Bi Mkubwa kalichukua kama kazi ya serikali. Tangu asubuhi anapiga simu Bweni, tumefika mpaka kwa babu yake bibi wa vitumbua na inaonekana huko mbele kuna undugu. Tutawaambia.

Na Ami? Ami kamwandikia mgeni karibu nyumbani, kamsalimu mgeni, kamsalimu mama wa mgeni, kamsalimu na bibi wa vitumbua ambaye hajamwona maishani mwake. Juu ya mkungu kasema atakubali akiuona kwa macho. Mimi bado. Nimemnakili kwenye kaunta buku, wino safari hii haukupenya.

Ila kuna kitu kingine kinachonikosesha raha, na hiki hakihusiani na salamu. Huku kukatika katika kwa umeme, jana asubuhi nilipofungua famasi kipimajoto cha friji ya insulini kilisoma 11. Inatakiwa ikae kati ya 2 na 8, imeandikwa kwenye boksi lenyewe. Sijui ilikaa hivyo saa moja au usiku mzima, maana hakuna wa kuiangalia tukishafunga. Nimemwambia bosi, kasema umeme umerudi, itashuka, nisifungue mlango ovyo. Kweli ilishuka. Lakini kushuka kwake hakuniambii dawa ilipitia nini usiku, na kwa macho chupa nzima na iliyoharibika kwa joto zinaweza kufanana. Nimezitenga pembeni na karatasi juu yake, bosi hajaiona hiyo karatasi. Mzee wa Mwera anakuja Alhamisi kuchukua zake za mwezi, na wa kumkabidhi ni mimi.