Siku moja maishani mwangu: kubadilisha mkaa wa chujio la glaikoli, Mtwara

Saa 12:30 asubuhi. Makabidhiano ya shifti. Gesi ya huku kwetu ni methani kwa zaidi ya asilimia 95, lakini inatoka kisimani na mvuke wa maji, na maji yakiachwa yaingie kwenye bomba la kwenda Dar es Salaam yataleta kutu. Anayeyatoa ni trietileni glaikoli, sisi twaiita TEG. Inashuka ndani ya mnara huku gesi ikipanda, inakamata maji, inakwenda kuchemshwa ili maji yatoke, kisha inarudi mnarani. Ni kimiminika kilekile kinachozunguka mwezi hadi mwezi, kwa hiyo kila uchafu mdogo unaoingia unabaki humo: mafuta ya kompresa, dawa ya kuzuia kutu, mabaki ya glaikoli iliyoungua. Uchafu huo ndio kazi ya tangi la mkaa amilifu, yaani mkaa wenye vitundu vingi vidogo vya kunasa uchafu, na leo mkaa wake unabadilishwa.

Saa 1:15. Sampuli mbili, moja kabla ya tangi, moja baada yake. Geji ya tofauti ya shinikizo inasoma baa 0.2, sawasawa na siku mkaa ulipokuwa mpya. Wengi huishia hapo na kuandika kwamba chujio ni zima. Geji ile inaeleza matope, haielezi hali ya mkaa. Punje ya mkaa si chekecheo. Molekuli za mafuta hunata kwenye kuta za vitundu vyake, na gramu moja tu ina eneo la ndani la karibu mita za mraba 1,000. Kuta zikijaa, glaikoli inapita kwa wepesi uleule na mafuta yake yote. Mkaa uliochoka haupandishi geji.

Kwa hiyo tunapima povu. Mililita 200 za sampuli kwenye silinda ya mililita 500, tunapuliza naitrojeni kwa dakika tano, tunafunga, tunahesabu povu linachukua muda gani kuisha. Likiisha ndani ya sekunde tano, glaikoli ni safi. Leo ya kuingia imechukua sekunde 22, ya kutoka 20. Mkaa haunasi kitu tena. Povu hilo likifika mnarani, gesi inalibeba pamoja na glaikoli yenyewe, na hasara inahesabiwa kwa mapipa.

pH, yaani kipimo cha asidi, ni 7.4, na hapo pana kosa la kawaida: glaikoli haipimwi ikiwa tupu. Changanya nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa, vinginevyo kipimo kinadanganya. Tunataka kati ya 7 na 8.5. Ikishuka chini ya 6 inakula chuma, na mkaa hauwezi kukusaidia, kwa sababu haunasi asidi kwa kiasi cha maana, wala haunasi chumvi.

Saa 2:30. Stoo, kuchukua gasketi mpya. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Mbona hamchukui ule mkaa wa vifuu vya nazi? Ni mgumu, na nazi tunazo." Swali zuri, na linaulizwa kila mara pwani hii. Mkaa wa vifuu una vitundu vyembamba sana, unafaa kwa mvuke na molekuli ndogo. Mafuta ya kompresa na mabaki ya glaikoli ni molekuli kubwa, hazipiti mlangoni. Hapa tunatumia uliotengenezwa kwa makaa ya mawe, wenye vitundu vya kati, punje za milimita 0.6 hadi 2.4.

Saa 3:00. Kibali cha kazi, tangi linatengwa: valvu zinafungwa kwa kufuli, sahani za kuziba zinawekwa pande zote mbili, glaikoli inamwagwa kwenye pipa lake. Naitrojeni inapulizwa kusukuma mvuke wa mafuta, kisha hewa safi.

Hapa naomba tusimame kidogo. Mkaa amilifu uliolowa maji unavuta oksijeni kutoka hewani. Tangi lililopimwa saa tatu na kukutwa salama linaweza kuwa kaburi saa nne. Hakuna harufu, hakuna dalili, mtu anaanguka, na anayeruka kumwokoa anamfuata. Kipimo kisome oksijeni asilimia 19.5 hadi 23.5 na kiendelee kusoma muda wote wa kazi. Sisi hatuingizi mtu kabisa. Mkaa wa zamani unanyonywa kwa bomba kutoka juu.

Saa 4:30. Mkaa wa zamani unaingia kwenye mapipa yenye mfuniko, ukiwa umeloa, kwa sababu ukikauka na mafuta yake unaweza kujipasha moto wenyewe. Mapipa yanaandikwa wazi. Huu si mkaa wa jiko, asichukue mtu hata debe moja nyumbani; moshi wake ni sumu. Wavu wa chini unakaguliwa kwa tochi, kila kona. Tundu dogo tu linatosha kupeleka punje hadi kwenye pampu.

Saa 6:30. Chakula.

Saa 7:15. Kupakia. Tangi lina kipenyo cha sentimita 60, linameza magunia manane ya kilo 25, na kimo chake kinakuwa karibu mita moja na nusu. Mkaa huu umelowekwa tangu jana asubuhi, magunia mawili kila pipa. Punje kavu imejaa hewa ndani. Ukiipakia hivyo, glaikoli inazunguka pembeni ya hewa na nusu ya mkaa haiguswi. Saa 24 za kuloweka hazina njia ya mkato kwenye maji ya baridi.

Na maji yawe yale yasiyo na chumvi. Visima vingi karibu na bahari ni vya magadi na chumvi, na chumvi haichemki ikatoka. Inabaki kwenye glaikoli, inaganda juu ya bomba la moto la riboila (chombo cha kuchemshia glaikoli), bomba linapata joto kupita kiasi na glaikoli inaungua. TEG inaanza kuharibika nyuzi 206, nasi tunaichemsha kwenye 200. Nafasi ni ndogo mno.

Suuza kutoka chini kwenda juu hadi maji yatoke meupe, ndipo vumbi limeisha.

Saa 9:00. Kujaza glaikoli, pia kutoka chini, koki ya hewa ya juu ikiwa wazi. Valvu inafunguliwa robo tu. Kilo 200 za mkaa zimebeba maji zaidi ya lita 100, na yakifika riboilani kwa mkupuo yatachemka kwa fujo na kutupa glaikoli nje kwa bomba la mvuke. Baada ya saa moja, mtiririko unapandishwa hadi lita 21 kwa dakika, ambao unaipa glaikoli dakika 20 kukaa na mkaa. Joto nyuzi 65: ikiwa baridi zaidi mkaa unanasa vizuri, lakini glaikoli inakuwa nzito na haipenyi vizuri.

Saa 11:00. Povu la sampuli ya kutoka: sekunde 4.

Saa 12:30 jioni. Kitabuni imeandikwa kwa shifti ya usiku: chujio la maikroni 5 lililo baada ya mkaa likaguliwe kila saa mbili, vumbi la mwisho litatokea humo, sampuli nyingine ya povu saa 12 asubuhi, kuingia na kutoka.