Kitabu ameongezwa

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Huo mfumo wenu unaniandikia 'Kitabu ameongezwa'. Asubuhi nimefundisha ngeli, mchana watoto wanakuja maktaba kuona kompyuta inazivunja."

Simu ile ilitoka Morogoro, kwa mwalimu anayesimamia maktaba ya shule mojawapo inayotumia mfumo wetu. Mimi ni mtengenezaji wa tovuti katika kampuni ndogo Dar es Salaam, tuko wanne. Nilimwomba radhi, nikamwahidi kurekebisha, nami nilijua fika kwamba kasoro ile tulikuwa tumeisharekebisha mara mbili na mara zote imerudi.

Sababu ya kurudi ni hii. Mfumo tumeujenga kwa Django, zana huria ya kujengea tovuti, na juu ya Django tumeweka kifurushi kimoja huria, yaani programu ndogo iliyoandikwa na wengine na kuachwa wazi kwa yeyote, kinachotengeneza kurasa za kuingizia taarifa. Kifurushi hicho kilikuwa kinaunda ujumbe kwa kuunga vipande: jina la kitu kwanza, halafu kitenzi kilichotafsiriwa peke yake. Kwa Kiingereza haina madhara, kitenzi hakimfuati mtu wala kitu. Kwetu mwanafunzi ameongezwa, kitabu kimeongezwa, gazeti limeongezwa, ramani imeongezwa. Mtafsiri aliyepewa kitenzi kikavu hana pa kukimbilia. Ataandika kimojawapo, na vingine vyote vitakuwa makosa.

Sisi tulichokuwa tunafanya ni kufungua kifurushi kwenye seva yetu na kubadilisha mistari humo humo. Toleo jipya likija, mistari yetu inafutika. Mwanzoni mwa 2024 tulipokuwa tunahama kutoka Django 3.2, kwa sababu uangalizi wake ulikuwa unaisha Aprili mwaka huo, nilitumia siku tatu nzima kutafuta tu tulichokonoa wapi na kwa nini. Hapo ndipo nilipokwenda kwa bosi kumwomba muda wa kupeleka marekebisho kwenye mradi wenyewe, yaani kwa wale wanaokitunza kifurushi.

Akaniuliza swali la haki kabisa: "Kwani leseni inatulazimisha?"

Haitulazimishi. Kifurushi kile kiko chini ya leseni ya BSD kama Django yenyewe. Unaweza kukichukua, ukakibadilisha, ukauza ulichojenga juu yake, na usimrudishie mtu kitu. Nilimwambia hivyo hivyo, sikutaka kumzunguka. Kisha nikamwekea mezani hesabu ya zile siku tatu, nikamkumbusha kwamba Django hutoa toleo kubwa kila baada ya miezi minane hivi. Akanipa Ijumaa, kuanzia watu wakirudi kutoka msikitini mpaka ofisi inafungwa. Nashauri mwenye hamu kama yangu aombe muda wa kazi waziwazi namna hii. Nimeona wenzangu wengi wakijitolea usiku wa manane mpaka wanachoka, wanapotea kwenye mradi bila hata kuaga.

Jaribio langu la kwanza lilikataliwa, na lilistahili. Niliandika mfumo kamili wa ngeli: jedwali, viambishi, kila jina litangaze ngeli yake. Zaidi ya mistari mia nane. Novemba 2023 nilikuwa nimevuka kwa boti kwenda Zanzibar, kwenye DjangoCon Africa ya kwanza, mkutano wa watumiaji wa Django, na pale niliambiwa na zaidi ya mtu mmoja: eleza tatizo kwanza, subiri wakubaliane nawe kuwa ni tatizo, ndipo uandike msimbo, yaani maagizo yenyewe ya kompyuta. Nilisikia, sikufuata.

Nikakaa siku kumi na tisa bila jibu. Nilidhani nimedharauliwa, nikaandika ujumbe wa kuuliza, kisha mwingine. Jibu lilipokuja lilikuwa la upole. Msimamizi alisema amesoma yote, ila anauliza: wewe ukiondoka, nani atatunza jedwali hili, ilhali hakuna kati yetu anayejua Kiswahili? Akaongeza kwamba yeye na mwenzake wana ajira zao za mchana, mradi wanaushika usiku watoto wakishalala. Nilijionea haya kwa zile jumbe mbili. Sikuwahi kumhimiza mtu tena.

Badala yake, nilipokuwa nasubiri, nilianza kusoma taarifa za kasoro za watu wengine. Nachukua moja, naijaribu kwenye mashine yangu, naandika: imetokea kwangu pia, toleo hili, kwa hatua hizi. Au: haikutokea, labda imeshapona. Kazi hii haina sifa, lakini ndiyo iliyonifanya nijulikane. Pia ndiyo iliyonifundisha msimbo wa kifurushi kuliko kitu kingine chochote, maana kila kasoro inakupeleka chumba ambacho usingeingia kwa hiari.

Kisha nikaandika upya taarifa yangu, safari hii bila msimbo. Mifano minne, sentensi fupi, na maelezo ya ngeli kwa mtu asiyewahi kuzisikia. Hapo kukatokea jambo lililonigusa. Mtu wa Poland akaandika kwamba kwao kitenzi cha wakati uliopita hufuata jinsia, naye kwa miaka amekuwa akitafsiri akijua nusu ya ujumbe ni makosa. Akaja wa Kiarabu, lugha ambayo faili za tafsiri huitengea maumbo sita ya idadi. Akaja Mfaransa. Kila mmoja alikuwa amedhani shida ni ya lugha yake tu, akaivumilia kimya. Kwa siku mbili tulikuwa watu wa lugha nne tukielezana sarufi zetu.

Suluhisho likawa dogo: acha kuunga vipande, mpe mtafsiri sentensi nzima yenye nafasi za kujaza majina, kama Django yenyewe inavyofanya kwenye kurasa zake za usimamizi. Akishapata sentensi nzima anaweza kuigeuza atakavyo. Kiswahili nikakipa "Umeongeza", likifuatiwa na jina. Kitenzi kinamsemesha aliyebonyeza, na ngeli ya kitu haiguswi. Mistari kumi na minne iliyobadilika, pamoja na jaribio moja la kuhakikisha hakuna atakayerudisha vipande. Mhakiki alinirudisha mara mbili, mara ya kwanza kwa jina la kigezo, mara ya pili kwa sababu sikugusa kitabu cha maelezo. Zamani ningenuna. Safari hii nilirekebisha siku hiyo hiyo, nikamshukuru kwa kusoma kwa makini.

Toleo lenye marekebisho lilipotoka, niliifuta ile mistari yetu kwenye seva, nikampigia mwalimu. Alifungua palepale akiwa kwenye simu, akasajili kitabu, akanisomea: "Umeongeza kitabu." Akanyamaza kidogo, nikasikia anabonyeza tena.

"Sasa hapa nimechagua moja tu, inaniambia 'ramani 1 zimechaguliwa'."

Nimeshaiandikia taarifa. Yule wa Kiarabu amejibu kwamba kwake pia inatokea.