Hezi 50

Mapema Novemba 2016 mpwa wangu alirudi kutoka Boston na sanduku aliloliviringishia blanketi mbili. Ndani mlikuwa na gramafoni ya mkanda wa mpira, sindano mpya, na transfoma ya kushusha volti 240 kuwa 120. "Mjomba, santuri zako zitaongea sasa," akasema. Gramafoni yangu ya kwanza ilikuwa imeungua mota miaka mingi nyuma, na santuri 40 na ushee zilikuwa zimesimama kabatini pale Walukuba, Jinja, zikila unyevu wa ziwa. Nikapanga mwezi wangu: kila usiku baada ya chakula santuri moja, upande A na upande B, bila simu wala redio. Mwisho wa mwezi kulikuwa na vijana wa bendi ya roki mtaani waliokuwa wamekodi ukumbi, nami nilishawaahidi kuwasimamia nyaya.

Kuosha kulikula siku mbili. Ukungu wa santuri ni vitone vyeupe, na haufutiki kwa kitambaa kikavu. Ukilazimisha unausukuma ndani ya mfereji. Nilinunua maji ya betri kwenye kituo cha mafuta (yale masafi ya kuongezea, si tindikali, na uliza mara mbili kabla ya kulipa), nikatia tone moja la sabuni ya vyombo kwa lita, nikapangusa kwa kufuata mifereji, nikasuuza kwa maji hayohayo bila sabuni. Maji ya bomba huacha chokaa, na chokaa ndiyo ile mipasuko unayoisikia kama mahindi ya kukaanga. Kisha santuri zikasimama kwenye kichanja cha sahani, kivulini. Ukiianika juani Uganda saa saba mchana, utaivua imepinda kama chapati. Na zile nzito za zamani za mizunguko 78 usiziguse kwa spiriti hata kidogo, inaziyeyusha.

Uzito wa sindano niliupima kwa mizani ya sonara wa mjini: gramu 2 kasoro kidogo. Watu hupunguza wakidhani wanaihurumia santuri. Sindano nyepesi mno hurukaruka, na kuruka ndiko kunakochimba.

Usiku wa kwanza niliweka Machine Head ya bendi ya roki ya Waingereza, Deep Purple, ya 1972. Sauti ya mwimbaji wao, Ian Gillan, ikatoka kama ya mtu aliyeamshwa usingizini. Nikadhani ni masikio yangu. Nilikuwa na miaka 61. Basi nikachukua gitaa. Ule wimbo wao wa kasino iliyoungua Montreux, Uswisi, mwaka 1971, Smoke on the Water, hata mtoto wa shule anayejifunza gitaa anajua kwamba unaanzia noti ya G. Mle chumbani ulikuwa unaanzia E, tena E iliyolegea kidogo. Freti tatu nzima chini, yaani hatua tatu za shingo ya gitaa.

Nikacheka peke yangu, maana freti tatu ndizo hasa Tony Iommi, mpiga gitaa wa Black Sabbath, alizolegeza nyuzi zake kwenye baadhi ya nyimbo za 1971. Yeye alikuwa na sababu: kiwanda cha mabati huko Birmingham kilimkata ncha za vidole viwili, na nyuzi zilizolegea humpunguzia kazi. Gramafoni yangu ilikuwa inawageuza Deep Purple kuwa Black Sabbath bila ruhusa ya mtu.

Kipimo cha mwendo hakihitaji chombo. Santuri kubwa huzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, kwa hiyo mizunguko 100 ni dakika 3 kamili. Bandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sahani inayobeba santuri, shika saa, hesabu. Yangu ilimaliza mia kwa dakika 3 na sekunde 36.

Hizo sekunde 36 zilitosha kunionyesha ugonjwa. Mota ya gramafoni ya namna ile haihesabu volti, inahesabu hezi, yaani mizunguko ya umeme kwa kila sekunde. Marekani umeme ni wa hezi 60, kwetu ni 50, na transfoma hushusha volti tu, hezi inaziacha zilivyo. Mota iliyotengenezewa 60 ikila 50 huenda kwa tano juu ya sita ya mwendo wake. Bwawa la Owen Falls, ambalo sasa linaitwa Nalubaale, liko umbali wa baiskeli kutoka kwangu. Mitambo yake ndiyo iliyokuwa inanipangia mwendo, na haikuwa na habari na Boston.

Majirani walinishauri stebilaiza, kile kifaa cha kutuliza volti. Haisaidii. Saa mbili usiku pale mtaani, kila nyumba ikiwasha pasi, volti zinaanguka hadi taa inakuwa ya rangi ya chai, na bado mizunguko mia inachukua muda uleule. Ukitaka kuona sahani ikiyumba kweli, iunganishe na jenereta ndogo halafu mtu achomeke birika: jenereta inalemewa, hezi zinashuka, na mwimbaji anashuka nazo.

Dawa ni kubadilisha kapi, kile kigurudumu cha shaba kwenye shingo ya mota kinachovuta mkanda. Nikaenda kwa fundi mkereza vyuma. Kapi la zamani lilikuwa na kipenyo cha milimita 9.0. Nikazidisha kwa 1.2, nikamwandikia 10.8. Akakereza vizuri kabisa, na kosa likawa langu: mizunguko mia ikachukua dakika 3 na karibu sekunde 2. Kidogo, lakini gitaa lilikuwa linabishana na santuri. Nilikuwa nimesahau unene wa mkanda. Mkanda hauvuti kwa upande wake wa ndani, unavuta kwa katikati ya mpira, hivyo unene wake ni sehemu ya kipenyo. Mkanda wangu ulikuwa wa milimita 0.6: 9.6 mara 1.2 ni 11.52, toa 0.6, unabaki na 10.92. Tofauti ya sehemu 12 za mia za milimita. Mkereza aliniangalia kama mtu aliyetumwa kupima chumvi kwa punje, akanitoza upya, kwa haki. Daraja la juu la kapi, la santuri ndogo za mizunguko 45, sikulifanya. Ninazo nne tu.

Lilibaki jambo la joto. Mota ya hezi 60 ikipewa volti zake zote kwenye hezi 50 huvuta mkondo zaidi na kuchemka, na pengine hivyo ndivyo ile ya kwanza ilivyokufa. Fundi wa transfoma akanitolea waya wa volti 100. Mota ikawa vuguvugu tu.

Siku kumi za mwezi zilikuwa zimekwisha. Zilizobaki sikupoteza hata moja, na usiku niliourudia mara mbili ulikuwa wa bendi ya Wazambia, WITCH, kina Jagari Chanda, ambao gitaa lao linakwaruza kama bati linalovutwa kwenye lami, na kwa mwendo wake wa kweli besi inakimbia chini yake badala ya kujikokota. Wanaosema roki ni ya Wazungu hawajakaa nao nusu saa.

Jumamosi ya mwisho nikaenda ukumbini saa tisa. Vijana walikuwa wamekwisha kufunga vyombo: miksa nyuma, imechomekwa kwenye jenereta, amplifaya ya besi jukwaani, kwenye soketi ya ukutani. Mwimbaji ndiye aliyepiga besi. Alipokaribia maikrofoni akaruka nyuma, mkono mdomoni. "Mzee, inauma kama siafu," akasema.

Nikaweka mita, ncha moja kwenye nyuzi za besi, nyingine kwenye wavu wa maikrofoni. Volti 90 na kitu. Nikafungua plagi ya amplifaya: waya wa erthi, ule wa kupeleka ardhini umeme uliovuja, umekatwa, tena kwa wembe, kwa makusudi. Asubuhi besi ilikuwa inavuma, mmoja wao akasikia mahali kwamba ukikata erthi mvumo unakwisha. Unakwisha kweli. Lakini bodi ya amplifaya inabaki bila pa kumwagia umeme wake isipokuwa kwenye nyuzi, na mdomo wa mwimbaji unakuwa ndio waya. Nikawaambia habari ya Les Harvey, mpiga gitaa wa Stone the Crows, aliyeuawa jukwaani Swansea tarehe 3 Mei 1972 kwa kugusa maikrofoni huku ameshika gitaa. Kelele zikapungua.

Mvumo wenyewe ulitokana na vyanzo viwili vya umeme, kila kimoja na erthi yake, vikikutana kwenye waya wa sauti. Nikarudisha waya wa erthi, nikahamisha kila kitu kwenye jenereta, ekstensheni moja nene ya pini tatu, na nikachomoa kalamu ya biro iliyokuwa imesokomezwa kwenye tundu la erthi ili plagi ya pini mbili iingie. Mita ikasoma sifuri.

Mvumo ukabaki kidogo, wa nyaya kulala sambamba. Nikamwambia kijana apige freti ya tatu ya uzi mnene. G ile ni hezi 49, yaani mitikisiko 49 kwa sekunde, mvumo ni 50, vikawa vinapumua pamoja, pigo moja kila sekunde. Akainama kusikiliza, akausogeza waya wa sauti kwa mguu mbali na ekstensheni, na pumzi ikakatika.

"Sasa imba," nikasema. Akaigusa maikrofoni kwanza kwa mgongo wa kidole.