Kioo mfukoni kwa anayesafiri Ziwa Tanganyika

Abiria wengi wanaopanda mashua Kibirizi kwenda vijiji vya kaskazini huhakikisha simu imejaa chaji, lakini ni wachache wanaobeba kioo cha kujitazamia. Mimi naona kioo kinastahili kubebwa kwa uzito uleule, kwa sababu injini ikizima mbali na nchi kavu, na simu ikawa imelowa au haina mtandao, jua bado lipo.

Mwanga unaorudishwa na kioo bapa hutawanyika kiasi cha nusu digrii tu, kwa kuwa huo ndio upana wa jua tunavyoliona angani. Katika umbali wa kilometa 10, doa lake lina upana wa mita 90 hivi. Ndiyo maana humfikia mtu aliye mbali sana, na ndiyo maana pia humkosa kirahisi mlengaji asipokuwa makini. Mhandisi Mwingereza Henry Mance alitumia nguvu hiyohiyo mwaka 1869 alipobuni chombo cha kupelekea habari kwa kioo na jua.

Kulenga ndiko kunakohitaji mazoezi. Nyosha mkono mmoja mbele yako, tanua vidole viwili, na uweke chombo unachokiita katikati yake. Kwa mkono wa pili shika kioo karibu na jicho, ukigeuze mpaka mng'ao uangukie vidole vyako, kisha ukitikise kidogo ili mwanga upite katikati ya vidole na kurudi. Wapwa zangu niliwafundisha kwa kumulika ukuta wenye kivuli, na nilifurahi kuona jinsi walivyoelewa upesi baada ya kuliona doa likitembea. Sidii kuukuu nayo inafaa, tena tundu lake la katikati hukuwezesha kuchungulia unakolenga.

Kwetu Kigoma kuna jambo la kuzingatia zaidi: ziwa liko magharibi mwa mji. Asubuhi, mtu aliye ziwani anayeita watu wa pwani ya Kigoma ana jua upande uleule wa anaowaita, hivyo kioo humtii. Jioni jua huwa upande wa Kongo, nyuma yake, na hapo kioo hulazimika kuinamishwa mno hata kikapokea mwanga kidogo sana. Saa hizo ni afadhali kuviita vyombo vilivyo upande wa magharibi, au kutumia kioo cha pili kukielekezea mwanga wa jua kile cha kwanza.

Usiku tochi huchukua nafasi ya kioo, lakini taa iliyotulia haisemi lolote katika ziwa lililojaa taa za wavuvi wa dagaa. Atakayeiona atadhani unavua. Kwa hiyo iwashe na kuizima mara tatu, utulie kidogo, urudie, kwa maana ishara tatu mfululizo hutambulika kuwa ni wito wa msaada. Anayejua SOS apige mimuliko mitatu mifupi, mitatu mirefu, kisha mitatu mifupi tena.

Mchana, hata usipoona chombo chochote, pitisha mng'ao polepole kwenye upeo wote wa maji, kwani mtu anaweza kukuona kabla wewe hujamwona. Chombo kikishageuka na kuja kwako, acha kumulika moja kwa moja, nahodha asije akapoteza uoni anapokukaribia.