Sina mtu wa kunitia birikani

Tumsifu Yesu Kristo wapendwa. Mnisamehe tafakari imechelewa, ilikuwa itoke Alhamisi, umeme ukakatika simu ikazima na kuandika kwa simu ya mtu mi siwezi.

Wiki hii tuko Yohana sura ya 5, pale birikani Bethzatha. Matao matano, wagonjwa wamelala chini, vipofu, viwete, waliopooza, wote wanasubiri maji yatibuliwe maana anayewahi kuingia ndo anapona, wa pili imekula kwake. Kuna bwana pale ana miaka 38 na ugonjwa wake. Yesu anamuuliza wataka kuwa mzima? Na yeye wala hasemi ndiyo, anasema Bwana sina mtu wa kunitia, kila nikija mwingine ameshashuka mbele yangu.

Niseme ukweli, miaka yote nimelisoma hilo jibu nikawa namwona bwana yule mlalamishi, unaulizwa swali la ndiyo na hapana unaanza hadithi. Mpaka juzi niko mnadani pale ufukweni, nimesimama na beseni langu na wamama wengine wa kukaanga, boti limeingia na changu wazuri kweli, na kabla hatujafungua hata mdomo, wenye vigari vya kirikuu kutoka Dar na barafu zao wameshamaliza kila kitu, hela wanayo mkononi na wavuvi wengine walishapewa advansi ya mafuta toka usiku. Sisi tukabaki na vibua vilivyoanza kulegea. Mama mmoja akasema taratibu tu, hatujachelewa sisi, tuko hapa toka saa 11 alfajiri. Lile neno likanirudisha moja kwa moja birikani. Yule bwana hakuchelewa jamani, alikuwepo.

Sasa nataka tuliangalie hili kwa habari ya chanjo, najua wengine mtasema Korona imeshapita tuachane nayo, ila vumilieni kidogo.

Disemba 8 mwaka 2020 bibi wa miaka 90 kule Uingereza, Margaret Keenan, alichomwa sindano ya kwanza, na tulifurahi naye, bibi ni bibi popote alipo. Ila nchi tajiri zilikuwa zimeshalipia dozi kabla hazijatengenezwa, nyingine zimejiwekea mara kadhaa ya idadi ya watu wao, kama Canada. Ilipofika Januari 2021 Dkt. Tedros wa Shirika la Afya Duniani akasimama akasema nchi zenye kipato kikubwa kama 49 zimeshachanja dozi zaidi ya milioni 39, na katika zile maskini kabisa nchi moja imetoa dozi 25. Akasisitiza mwenyewe sio milioni 25, sio elfu 25, ni ishirini na tano. Kwaya yetu ya kigango ina watu zaidi ya hao. Kulikuwa na mpango wa kugawana unaitwa Covax, ukapeleka mzigo wa kwanza Ghana mwishoni mwa Februari, dozi 600,000 kwa nchi ya watu milioni 30 na kitu. India na Afrika Kusini walikuwa wameshaomba Shirika la Biashara Duniani toka Oktoba 2020 kwamba haki za wenye viwanda zilegezwe ili kila anayeweza kutengeneza atengeneze, kikao kikawa kikao, uamuzi umekuja Juni 2022, tena umepunguzwa punguzwa. Na nyingine zilizoletwa kama msaada zilifika zimebakiza siku chache kuisha muda, Malawi Mei 2021 wakachoma moto karibu dozi 20,000, Nigeria mwisho wa mwaka ule wakaharibu zaidi ya milioni moja. Halafu watu wakasema mmeona, Waafrika hawazitaki. Ni kama mtu akuletee vibua vya jioni halafu akushangae hununui.

Lakini tusijitoe. Kwetu sisi Tanzania mwanzoni mwa 2021 tulikuwa tunaambiwa hatuzihitaji, mzigo wa kwanza umefika Julai, dozi 1,058,400 kutoka Marekani, Rais Samia akachanjwa mbele ya kamera tarehe 28, na bado wengi hatukwenda. Mimi ni mmojawapo. Nilitumiwa ile video ya uongo ya sumaku eti inanasa kwenye bega la aliyechanjwa nikaisambaza grupu tatu, na hii ya jumuiya ikiwemo, nakiri mbele zenu. Angekuja Yesu akaniuliza wataka kuwa mzima ningemwambia subiri kwanza Bwana niangalie video. Nimekuja kuchanjwa mwaka uliofuata, baada ya kumzika mtu.

Ila kinachoniuma mimi zaidi wala sio Korona. Ni malaria, na ni hapa hapa Bagamoyo. Wenye watoto waliozaliwa miaka ile mnakumbuka, 2009 majaribio makubwa ya chanjo ya malaria yalianza, na Bagamoyo ilikuwa mojawapo ya vituo 11 katika nchi saba za Afrika, Korogwe kule Tanga nacho kimo. Watoto zaidi ya 15,000 kwa jumla. Wamama wetu walibeba watoto wakapanga foleni, watoto wakatolewa damu, wakafuatiliwa nyumbani miaka. Chanjo yenyewe ilikuwa imeanza kufanyiwa kazi toka miaka ya 1980, na Shirika la Afya Duniani limeipendekeza Oktoba 2021. Hesabuni wenyewe, ni zaidi ya miaka 30, inaikaribia ile 38 ya yule bwana. Na Korona haikumaliza mwaka mmoja toka ijulikane, sindano ikawa tayari. Najua mdudu wa malaria ni mgumu kuliko kirusi, wataalamu wanasema hivyo na mimi siwabishii, lakini fedha pia zinajua njia ya kwenda, na malaria haiwalazi watu wa London.

Na hii nyingine inatuhusu wamama. Chanjo ya kukinga saratani ya shingo ya kizazi, wenzetu matajiri wanaitumia toka 2006. Huku kwa nchi nzima imeanza 2018, kwa mabinti wa miaka 14. Mama yangu mdogo alikufa kwa ugonjwa huo, yeye chanjo isingemsaidia kwa sababu hutolewa mapema kwa wasichana wadogo, lakini binti yake alitimiza miaka 14 mwaka 2010. Alikuwepo, umri ulikuwa ndo wenyewe, kilichokuwa hakijafika ni chanjo. Sasa hivi ni mama wa watoto wawili na kila akienda kupimwa hataki kwenda peke yake, tunaenda naye tunakaa kwenye benchi hatuongei.

Kuna kitu nimekiona safari hii katika ile sura. Yesu hakumbeba yule bwana akamwahisha majini kabla ya wenzake. Angeweza, halafu mwingine angebaki anasema sina mtu. Hakuligusa kabisa birika, akamwambia simama, jitwike godoro lako, uende. Wasomi wa Biblia mtanisahihisha ila mimi naona kama ule utaratibu wa anayewahi ndo apone haukumpendeza.

Sasa la hapa hapa kwetu. Yupo bibi mmoja kule mashambani, wengi mnamjua simtaji, anaishi na mjukuu wa miaka 11. Siku hizi, toka 2024, ile chanjo ya saratani ya shingo ya kizazi ni dozi moja tu na wanachanjwa mabinti wa miaka 9 mpaka 14, bure. Manesi walipita shuleni, ila huyu mtoto haendi shule toka mama yake aondoke, kwaiyo hayumo kwenye daftari la mtu yeyote. Nilimuuliza bibi mbona hujampeleka kituoni. Akaniangalia, akasema miguu hii mwanangu, na nani atanipeleka?

Jumatatu saa 2 asubuhi naenda kuwachukua, nesi nimeshaongea naye. Natafuta bodaboda ya pili, maana bibi na mtoto na mimi hatutoshi kwenye moja. Mafuta nitatoa. Aliye na nafasi aniandikie pembeni, na kama kuna mtu anamjua mtoto mwingine ambaye hayumo kwenye daftari anitajie kabla ya Jumapili jioni.