Wadogo zangu mnaoingia studio mwaka huu, tuongee kidogo

Karibuni sana mnaoanza design, iwe usanifu majengo, interior au grafiki. Najua mmeshapewa ile karatasi ya sheria za studio, yani kile chumba chetu cha kuchorea na kutengeneza modeli, na wengi mmesaini bila kuisoma, mana wiki ya orientesheni makaratasi ni mengi na kila mtu anawaza chumba cha hostel na bumu litaingia lini. Mi nataka niongee yaliyomo kwenye ile karatasi na mengine ambayo hayamo, kwa sababu naipenda studio kutoka moyoni na inaniuma kila mwaka kuona watu wanapita humo kama wanapita kituo cha daladala.

Kitu cha kwanza muelewe design haifundishwi kama kozi nyingine. Mwalimu anafika mezani kwako dakika chache tu, anachora mstari juu ya tresing yako (ile karatasi ya kuchorea inayopitisha mwanga), anakwambia ngazi yako hii mtu atagonga kichwa, anahamia kwa mwingine. Saa zote zilizobaki unafundishwa na aliyekaa kushoto kwako na aliyekaa kulia. Unaona anavyokunja kona ya manila, unaona amefuta plani yake mara ngapi mpaka choo kikakaa sehemu inayoeleweka, unasikia mwalimu anavyomkosoa na lile kosa wewe hulifanyi tena. Kwahiyo mtu anayefanyia kila kitu geto afu anatokea siku ya prezentesheni na modeli, yani mfano mdogo wa jengo lake, iko kwenye mfuko wa rambo, huyo amejinyima shule na sisi katunyima. Kuwepo studio ndo jukumu namba moja, mengine yote yanafuata hapo.

Na hili la wanafunzi kuibeba studio wenyewe halijaanza kwetu. Paris karne ya 19, wanafunzi wa École des Beaux-Arts walikuwa wanafanya kazi kwenye atelier, yani studio za kule, ambazo gharama zake zilitoka kwenye michango yao wenyewe, na kulikuwa na mwanafunzi mwenzao aliyeitwa massier ambaye kazi yake ilikuwa kukusanya hiyo michango na kusimamia mambo ya pale, yani CR kabisa, kiongozi wa darasa. Wakubwa waliwaelekeza wadogo, wadogo waliwasaidia wakubwa kumalizia michoro. Mwalimu alikuwa anakuja kuangalia kazi na kuondoka. Kwahiyo ukimsikia mtu anasema "usafi wa studio ni kazi ya chuo", mjue hajui alipokaa.

Sasa tuje mezani. Usikate kitu moja kwa moja juu ya meza ya kuchorea, tafadhali sana. Kisu kinaacha mfereji ambao hauonekani vizuri kwa macho, afu mwenzako akitandika tresing juu yake na kalamu ya 0.3, ncha inadumbukia na mstari unaruka, anaanza upya karatasi kubwa ya A1 nzima kwa sababu yako. Tumia ile mati ya kijani ya kukatia na rula ya chuma, ya plastiki kisu kinaila pembeni na hainyooki tena. Kama mati hamna za kutosha, changeni watu wa meza za karibu mnunue kubwa moja.

Na wembe. Hapa naomba mnisikilize vizuri. Wembe wa kisu ukishakuwa butu usitupe kwenye ndoo ya taka hivi hivi. Mama yetu wa usafi alishachanwa kiganja alipokuwa anabana mfuko wa taka ili aufunge, wembe ulikuwa umelala kwenye vipande vya milibodi (kadibodi ngumu), nikamwona anachana upindo wa kanga anafunga mkono kwa meno huku damu inapita, na bado akachukua dekio akaendelea na kona iliyobaki. Hajatukana mtu wala hajauliza ni nani. Tangu siku ile darasani kwetu kuna chupa ya maji ya lita moja na nusu, kifuniko kimetobolewa mstari, wembe zote zinaingia humo, ikijaa inazungushiwa selotepu ndo inatupwa. Ni kitu cha bure kabisa. Na mkiingia asubuhi mumwamkie, shikamoo mama, mana kuna watu wanampita kama nguzo.

Hapo hapo kuna la modeli kutupwa. Modeli yako ya majaribio imetengenezwa kwa boksi la biskuti na vijiti vya mishikaki, wewe unaona ukumbi wa mikutano, mtu wa usafi anaona takataka, na ana haki. Bandika karatasi juu yake: jina, tarehe, BADO INATUMIKA. Isiyotumika itoe mwenyewe, usiache makaburi ya semista iliyopita yanakula nafasi ya watu juu ya kabati.

Gundi ya kupuliza ni nje, sio koridoni, NJE, na usimame upande ambao upepo unaipeleka mbali na watu. Ukiipuliza ndani yale matone yanatua kwenye michoro ya wenzako, sakafu inanasa viatu, na ile gesi inashika moto haraka huku mwenzio pembeni anayeyusha stiki za gundi kwenye bunduki yake. Wanaomwaga POP, ile plasta ya unga, kwenye sinki nao wajue POP haisubiri kukauka juani, inagandia hata ndani ya maji, kwahiyo bomba linaziba moja kwa moja. Acha mabaki yagande kwenye ndoo, gonga kitako, yatoke, tupa. Kama chuo chenu kina mashine ya kukatia ya leza msiweke plastiki ya PVC hata siku moja, ikiungua inatoa gesi ya haidrojeni kloraidi, inaunguza mapafu na inatia mashine kutu. Akriliki, ile plastiki ngumu kama kioo, inakatika vizuri ila inaweza kushika moto, kwahiyo usiiwashe afu ukaenda kufuata chai.

Chakula nitapita haraka. Chipsi mayai na tresing havikai meza moja, mafuta hayafutiki, na panya wakishazoea studio wanatafuna mpaka mfuko wa laptop.

Muziki tumia iafoni. Ukikuta wote mnapenda wimbo mmoja sawa, ila kuna mtu yuko kwenye seksheni (mchoro wa jengo kama limekatwa katikati) ya 1:20 anahesabu vikanyagio vya ngazi, mwache ahesabu.

Kazi ya mwenzako kuiangalia ni ruksa, ndo maana tumekaa pamoja. Kuipiga picha bila kuomba sio sawa, na kuirusha Instagram kabla hajaipresenti ni kumdhulumu. Ukichukua wazo lake la baraza au la rangi, mwambie, na siku ya prezentesheni mtaje mbele ya watu. Nimeenda fildi nimeona ofisini hivyo hivyo, mtu anayetaja kazi ya wenzake ndo anayepewa kazi kubwa, na anayedandia anajulikana wiki ya pili. Kwenye site analysis za grupu, yani kuchunguza kiwanja, kila mmoja aandikwe alichopima au kupiga picha, na kama mtu amepotea mwambieni mapema kwa upole, sio usiku wa sabmisheni mnaanza kurushiana maneno WhatsApp.

Kukesha sasa. Marekani, umoja wa wanafunzi wa usanifu majengo, AIAS, ulitoa ripoti 2002 kuhusu maisha ya studio, kukesha kukiwemo, na baadae shule za kule zikatakiwa kuwa na sera ya maandishi ya utamaduni wa studio ili zipate ithibati. Wanafunzi ndo walioanza, na sisi hatushindwi. Mtu aliyekesha siku mbili asishike kisu, mpeni gundi. Dada zetu wasirudi hostel peke yao saa nane usiku, mwambieni mlinzi au tokeni kwa grupu. Wa mwisho kutoka achomoe ekstensheni zote.

Mwisho ni siku ya kubandika kazi ukutani. Usiondoke ukishamaliza yako. Mtu akiwa anakosolewa hasikii, moyo unaenda mbio, anaitikia tu "sawa mwalimu" na akikaa hakumbuki kitu, kwahiyo jirani yake ndo amwandikie. Aliyeniandikia mimi mwaka wa kwanza alichora na mishale kabisa kuonyesha ukuta gani mwalimu alitaka usogezwe, nikaifanyia kazi ile karatasi mpaka mwisho wa semista.

Wiki hii kabla brifu (maelezo ya kazi mtakayopewa) haijatoka kaeni na CR mpange: funguo anabaki nazo nani, nani anamwandikia nani, chupa ya wembe inakaa wapi, mchango wa gundi na manila ni shilingi ngapi na nani anaenda kununua Kariakoo.